Kuanzia cha Mwisho

Watu huja dukani kwangu wakaniuliza, "Nianze na kipi?" Duka lenyewe dogo, liko hapa Wete, njia ya kuelekea sokoni. Nauza madaftari na kalamu za watoto wa skuli, natoa fotokopi umeme ukiwapo, na kwenye rafu ya nyuma, ile isiyoonekana kutoka barabarani, nauza na kuazimisha vitabu vya mapenzi. Ukweli ni kuwa rafu hiyo ndiyo inayonilisha. Na katika rafu hiyo hakuna vinavyoulizwa kama vitabu vitano vya mwandishi mmoja mwanamke, yu hai na anaandika mpaka leo, vyote vikiwa habari za nyumba moja yenye dada watano. Kila dada ana kitabu chake na mpenzi wake. Mwandishi mwenyewe ameandika kwenye jalada la nyuma kwamba msomaji anaweza kuanza popote. Mimi maneno hayo kila nikiyasoma hukasirika.

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Miaka yote jibu langu lilikuwa moja: cha kwanza. Aliyetaka cha tatu kwa sababu ya picha ya jalada nilimpokonya mkononi nikamwambia, kwani nyumba waingilia dirishani? Tuna kundi letu la wasap la wasomaji wa vitabu hivi, wanawake watupu, na humo nilishatoka kwa kishindo kwa ajili ya bibi mmoja wa Chake aliyesema kila mtu aanze anapopapenda. Wakanibembeleza nikarudi. Yule bibi akayasema tena maneno yale yale, nikatoka tena.

Siku hizi mtu akija na swali hilo, na mimi namuuliza swali langu kwanza: ni cha kusoma nani, na huyo mtu ana nini moyoni? Nimejifunza hivyo kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu. Sisi kwetu Wingwi, na wakati wangu wa kuingia skuli ya sekondari ulipofika mama aliniona mwembamba mno kwa njia ile ya matope, akanileta Wete nikae na dada yake. Nikaja na begi na godoro, nikidhani nimekuja kusoma nitarudi. Sikurudi. Nilisomea nyumba ile, nikatolewa na kuolewa kutoka nyumba ile, na ndoa iliponishinda nilirudi nyumba ile ile nikapokewa bila ya kuulizwa. Mpaka leo naishi mitaa miwili tu kutoka mlango wake.

Mumewe nilimwita baba mkubwa. Alikuwa na shamba la karafuu na mihogo nje ya mji, akienda kwa baiskeli baada ya sala ya alfajiri na kurudi baada ya alasiri. Na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha majirani wote: alikuwa akipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kila siku. Anaiegemeza baiskeli ukutani, anapangusa miguu, anasimama nje ya mlango ulio wazi, mlango aliouchonga yeye, anaita, "Hodi." Mama mkubwa, hata awe anapepeta mchele au ana mikono ya samaki, anajibu kutoka uani, "Karibu, mgeni wa kila siku." Hapo ndipo anaingia, na mkononi ana kitu: shokishoki kidogo, stafeli, au kama shamba halikutoa kitu basi hata majani ya mchaichai. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," atasema, anaweka mezani.

Nilipokuwa msichana niliona haya mbele ya wenzangu. Nikamuuliza siku moja, baba mkubwa, kwa nini wapiga hodi kwako? Akaniambia, "Nyumba ni ya huyu. Mimi hukaribishwa." Nilidhani ananitania. Nilipoolewa na mtu aliyekuwa akiingia kama upepo wa mlango, akitupa viatu huku na ufunguo kule, ndipo nilipojua kuwa yule mzee hakuwa na utani hata kidogo.

Siku aliyofariki alirudi mapema, kabla ya adhuhuri. Kifua kilikuwa kinambana, bila shaka, kwa sababu baiskeli ilikutwa imelala chini njiani. Hakupiga hodi. Aliingia kimya, akajilaza kitandani na nguo zake za shamba. Mama mkubwa alikuwa uani anakuna nazi na hakujua kama mumewe yumo ndani. Alipoingia kuchukua bakuli alimkuta ameshakwenda. Mungu amrehemu. Nilimpenda yule mzee kuliko ninavyoweza kusema hapa, na nililia mpaka sauti ikanikauka.

Mama mkubwa hakulia. Akakaa eda yake pale ukumbini, kwenye mkeka, na kanga zake zilizopauka, bila ya wanja, bila ya udi, kama ada na dini zinavyotaka, miezi minne na siku kumi. Watu walikuja wakajaa, khitma ikasomwa, kila dakika mlangoni hodi, kila dakika mtu akaribishwe. Katika zogo lile hatukugundua kitu. Wageni walipopungua ndipo tukaona: mama mkubwa haitiki hodi. Mtu akiita, anainua uso, anautazama mlango, halafu anauinamisha tena. Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni hana ruhusa, anageuka anarudi zake. Na walikuwapo waliorudi. Bibi wa jirani, mwenzake wa tangu ujana, alisimama nje siku moja akaita hodi zake tatu, mama mkubwa yuko ndani hatua chache kutoka kwake, na yule bibi akarudi kwake na bakuli la uji chini ya kawa.

Nyumba ambayo mwenyewe hakaribishi si nyumba tena. Nilikuwa nikija nikakaa naye, ananitazama vizuri tu, ananijibu ndiyo na siyo, anakunywa funda mbili za uji anasukuma bakuli. Nilikuwa namuona anatoka taratibu, yumo mle mle ndani lakini anatoka, na sikujua mlango gani wa kumzuilia.

Bintiye, ambaye ni mdogo wangu, alikuja kutoka Unguja kukaa naye muda wote wa eda. Huyu ni mtu wa dini, mpole, sauti yake haipandi. Asubuhi alikuwa akimsomea mama yake Yasini, na mama mkubwa alikuwa anatulia, na mimi namuombea mdogo wangu malipo yake kwa Mungu. Lakini mchana ulikuwa mrefu. Hasa ule wakati wa baada ya alasiri, wakati wa baiskeli. Wakati huo mama mkubwa alikuwa anautazama mlango tu, na sisi wawili tunamtazama yeye.

Ndipo nikafikiria vitabu. Mama mkubwa alikuwa mpenzi mkubwa wa hadithi. Michezo ya redio hakuikosa, na nilipokuwa msichana alinifanya nimsomee mpaka gazeti lililofungiwa sukari, akiudhika likiwa limechanika pale pale habari inapokolea. Macho yake siku hizi yana ukungu, hawezi kusoma mwenyewe. Nikasema, nitamsomea wakati ule wa baada ya alasiri, asiwe na nafasi ya kuutazama mlango.

Lakini nimsomee kipi? Mimi, mwenye jibu langu moja la miaka yote, nilisimama mbele ya rafu yangu mwenyewe nikashindwa. Cha kwanza ni habari za dada mkubwa, mshona nguo, na jinsi alivyompata mumewe. Neno la kwanza kabisa la kitabu hicho ni hodi. Mwanamume amesimama mlangoni, amekuja kusoma mita ya umeme, anaita hodi. Nikakirudisha kwenye rafu. Cha nne nacho sikutaka hata kukigusa, kwa sababu humo ndimo yule yule mume wa dada mkubwa, aliyekuja kusoma mita, anamofariki dunia. Cha tano ni harusi ya kitindamimba, na nani anapelekewa vigelegele naye yumo edani? Cha pili ni cha muuguzi aliyeapa hatopenda, kinahuzunisha mwanzoni. Kikabaki cha tatu. Cha tatu ni kichekesho kitupu, ni cha yule dada mfanyabiashara anayegombana na mtu wa forodha mpaka wanaoana.

Nikajishusha, nikaomba kurudishwa kundini, nikawauliza. Nikaandika: mjane, yumo edani, anapenda hadithi, aanze na kipi? Lo, wakaamka wote. Mmoja akasema cha tatu, acheke. Mmoja akasema mjane asome cha nne, ajue hayuko peke yake. Mmoja akaniambia, mwache mjane wa watu amdhukuru Mungu. Bibi wa Chake akaandika, "Muulize mwenyewe." Nikazima simu kwa hasira.

Mdogo wangu alikiona kitabu kikichomoza mkobani mwangu. Akanivuta jikoni.

"Dada, mama yumo edani. Hata wanja haruhusiwi, weye wamletea mabusu?"

"Wanja wapakwa machoni," nikamwambia. "Hiki atakisikia masikioni."

"Toba."

"Basi niambie la kufanya. Una dawa nyingine? Jana kala nini?"

Akanionyesha bakuli la uji lililorudi vile vile. Alikuwa amekonda na yeye, maskini, ana wahka wa mama yake usiku na mchana. Tukapatana: nitasoma, lakini pale pa chumbani nitaruka.

Baada ya alasiri nikaketi kwenye mkeka, nikatoa kitabu cha tatu, nikamweleza mama mkubwa kwa kifupi kuwa kuna nyumba na ndani yake mna dada watano, na vitabu ni vitano, na hiki ni cha tatu. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, uso ameuelekeza mlangoni. Nilidhani hasikii. Nikafungua ukurasa.

"Cha mwisho ki wapi?" akauliza.

Ilikuwa sentensi ya kwanza nzima kunipa tangu mazishi. Kama ningekuwa na akili ningeshukuru nikanyamaza. Lakini mimi ndiye mimi. "Mama mkubwa, cha mwisho ni cha mwisho. Hutowajua watu. Hutojua nani kaoana na nani, nani kagombana na nani."

"Nisomee cha mwisho."

"Hadithi haisomwi kinyumenyume."

Akanigeukia. Macho yale yenye ukungu yalikuwa na kitu ndani yake, ule ukali wake wa zamani alipokuwa akinikuta sijaosha vyombo. "Weye chuoni ulianza wapi?"

Nikajibu kama mtoto, "Juzuu ya Amma."

"Juzuu ya Amma iko wapi msahafuni?"

"Mwishoni."

"Mwishoni," akasema. "Tukaanza na sura fupi za mwisho, tukarudi nyuma, tukarudi nyuma, mpaka tukaifikia ndefu. Hukupotea. Sifananishi, Mungu anisamehe, maneno yake na maneno ya binti huyu mwandishi. Nakwambia njia tu ya kusoma. Miye hiyo ndiyo njia niliyofunzwa, na sasa sina nguvu ya kujifunza nyingine."

Nikafunga cha tatu. Niliondoka nikenda dukani mbio, baibui linanipepea, nikarudi na cha tano.

Kile kitabu cha tano, kwa mtu asiyesoma vingine, ni vurugu tupu. Harusi imeiva, dada wote wamerudi nyumbani na waume zao na watoto wao, kila mmoja anasema maneno ya zamani ambayo msomaji hayajui. Nilikuwa nasimama kila mara nikitaka kueleza, na mama mkubwa ananipungia mkono niendelee. Hakuwa na shida na harusi. Alikuwa anamfuata mtu mmoja tu. Uani kwenye sufuria za pilau alikuwapo dada mkubwa, mjane, ameshika mwiko, anawaamrisha wenzake, na mahali fulani mtoto anamwagikiwa na unga kichwani na yule dada anacheka mpaka anakaa chini.

"Huyu," mama mkubwa akanikatiza, "eda yake imekwisha?"

"Imekwisha zamani."

"Na anacheka?"

"Anacheka."

"Rudia hapo."

Nikarudia hapo. Kesho yake akataka nirudie tena kabla ya kuendelea. Mdogo wangu alikuwa jikoni, na nilisikia mchi wa kinu umesimama.

Basi ikawa hivyo, kila siku baada ya alasiri. Tulipomaliza cha tano tukaingia cha nne, na mimi nikaanza kuogopa. Tulipoikaribia sura ya kifo nikafunga kitabu, nikasema, mama mkubwa, hii tuiruke, haina maana sana. Akasema, "Soma tu. Mbele kuna harusi, miye nimeshaiona." Nikasoma. Yule mume anafia safarini, mwandishi hakuweka maneno mengi, na mke anapewa habari akiwa kwenye cherehani. Nilisoma huku natazama herufi tu, naogopa kuinua uso. Nilipoinua nilimkuta mama mkubwa analia. Analia kwa sauti, mdomo wazi, kilio alichokiweka tangu siku ya nazi. Mdogo wangu akaja akamkumbatia kwa nyuma, na mimi nikaweka kichwa mapajani pake, mtu mzima mwenye duka.

Ndipo akasema. "Aliingia kwangu hakukaribishwa." Akasema tena, "Miaka yote ile, na siku ile kaingia kwangu hakukaribishwa. Niko uani na mbuzi ya nazi, wala sijui."

Sisi tukamwambia yote ambayo watu husema. Kwamba alikuwa hana nguvu ya kuita. Kwamba ni kadari. Kwamba nyumba ilikuwa yake. Alitikisa kichwa. Hayo alikuwa anayajua. Kilichomkaa ni lile neno la karibu ambalo halikutoka.

Cha tatu tulikianza na macho yetu bado mazito. Ni kichekesho, kama nilivyosema, na mapema tu yule dada mfanyabiashara anaingia nyumbani na friji la mtumba, na anayelibeba kwa mgongo huku analalamika ni shemeji yake, mume wa dada mkubwa.

Mama mkubwa akaweka mkono juu ya kitabu. "Huyu si alikufa?"

"Alikufa cha nne. Hiki cha tatu."

Akafikiri. Niliona anavyolihesabu jambo lile kichwani, taratibu.

"Basi yu hai," akasema.

"Yu hai, mama mkubwa."

"Na kabeba friji." Uso ukamlegea. Si kicheko, lakini kilikuwa njiani. Akageuka upande wa jikoni akaita, "Nipeni chai. Na kama pana mhogo, nipeni mhogo." Mdogo wangu alitoka na mhogo wa nazi kwenye sahani, akauweka mbele ya mama yake, akarudi jikoni haraka, na nilimsikia analia huko peke yake. Mimi niliendelea kusoma kwa sababu niliambiwa nisisimame.

Hapo ndipo nilipoikubali njia yake. Sisi tunaosoma kutoka cha kwanza tunampenda yule mume kisha tunampoteza. Yeye alianza kwa kumpoteza, na kila kitabu kilikuwa kinamrudishia. Cha pili alikuwa bado hana kitambi. Alikuwa ametoka kuoa juzi, wakwe wanamtania, anamletea mkewe samaki wa kukaanga amemfunga katika gazeti. "Kumbe alikuwa mwembamba," akasema mama mkubwa, kwa huba. Alikuwa anakula sasa. Alikuwa ananigombeza nikisoma haraka. Na nilipofika pale pa muuguzi na daktari wake, nikasema "wakalala, kukacha," nikapindua, sauti ya upole ikatoka jikoni:

"Umeruka kurasa nne."

"Si ndivyo tulivyopatana?"

"Nasema tu," akajibu mdogo wangu. "Asije mama akadhani kitabu kimechanika."

Mama mkubwa alicheka. Kidogo, puani, lakini alicheka.

Kuitika hodi tu ndiko hakukurudi. Watu walikuwa wakija, wakiita, na yeye anainua uso na kuutazama mlango na kuuinamisha kama zamani. Chai inanywewa, maneno yanasemwa, kicheko kipo, lakini mlangoni ni mimi au mdogo wangu tunaokimbilia kuitika kabla ya hodi ya tatu. Na mimi nilikuwa najua tunakokwenda. Kila kitabu kilichokwisha kilitusogeza kwenye ukurasa ule wa kwanza wa cha kwanza, na yule mtu wa mita aliyesimama pale nje anatungoja. Nilijuta kukubali. Nilijiambia nitaruka ukurasa, nitaanzia wa pili, ambapo wameshaingia ndani wanazungumza habari za umeme.

Siku yenyewe eda ilikuwa imebakiza siku chache. Mdogo wangu alikuwa uani anafua. Nikaketi, nikafungua kitabu, nikapindua moja kwa moja mpaka ukurasa wa pili. Karatasi ikalia.

"Umeruka," akasema mama mkubwa.

"Ni maneno ya mwanzo tu, hayana kitu."

"Dukani kwako wawaambia nini watu? Nyumba haiingiliwi dirishani. Watu wote wa Wete wayajua maneno yako hayo." Akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta ukaya wake kichwani. "Rudi mlangoni."

Nikarudi. Jua la alasiri lilikuwa limeingia ukumbini mpaka kwenye miguu yetu, na ukutani nje, pale pale pake, ilikuwapo baiskeli, iliyookotwa njiani ikarudishwa hapo, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa. Nikasoma.

"Hodi."

Ndani, kasema mwandishi, cherehani inakwenda mbio na msichana hasikii. Mtu wa mita anapangusa jasho. Anaita tena. Nikasoma na hiyo.

"Hodi."

Cherehani bado inakwenda. Mtu wa mita anatazama njia aliyojia. Ana nyumba nyingine za kwenda, na hodi mbili zimeshapita. Hodi ya tatu ilikuwa iko pale, mstari wa chini, naiona, na mdomo wangu unakataa kuisoma. Mama mkubwa alikuwa ameinua uso. Alikuwa anautazama mlango, na safari hii hakuuinamisha.

"Karibu," akaitika. Akaitika kwa ile sauti ya uani, sauti kubwa ya mwenye nyumba. "Karibu, mgeni wa kila siku."

Mdogo wangu akaja mbio kutoka uani, mikono inachuruzika povu, ameisikia sauti ya mama yake. Akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Nani kaja?"

"Hakuja mtu," nikamwambia.

"Kaja," akasema mama mkubwa. "Soma."